Kapelo ya Sufu ya Mwalimu Shembilu

Weka kiganja kifuani. Sema: sitamwambia mtu, si shoga wala shemeji, hata nikibanwa kidole mlangoni. Umesema? Haya. Kila aliyekuwepo siku ile aliapishwa kama ulivyoapa wewe, na jua lilipotua kijiji kizima kilikuwa kimeshaapa na kimeshasimulia. Basi nawe chukua fungu lako.

Hapo zamani, si ile ya majini na wafalme, zamani ya juzi tu, redio zilipokuwa zinapigwa kofi ndipo ziseme, kule juu Usambara penye ukungu alikuwepo mzee akiitwa Mwalimu Shembilu. Ujanani alikwenda kusoma chuo Marekani, akarudi na cheti na kapelo. Cheti kililiwa na mchwa. Kapelo ikabaki.

Na kapelo yenyewe, jamani! Sufu tupu ya kondoo, bluu iliyoiva, ukanda wa ngozi kwa ndani, na mbele herufi moja nyekundu, herufi ya chuo, kwa sababu ndiyo waliyovaa vijana wa timu katika ule mpira wao wa kupiga kwa rungu. Nyuma haikuwa na kile kidude cha kukaza na kulegeza kama kapelo za mtumba. Ilishonwa ikazunguka, kichwa kiingie, au kisiingie. Mzee aliivaa miaka arobaini na miwili, darasani, shambani, harusini kwa watu. Ikionekana inapita juu ya ua wa michongoma, watu husema, "Mwalimu huyo," na uso hawajauona.

Mzee akafa. Sasa kule kwao, siku ya arobaini, baada ya hitima, vazi la marehemu huvalishwa mtu mbele za watu. Likimkaa, jina la marehemu ni lake. Ataitwa Mwalimu mpaka naye afe. Wadogo watamwamkia, na vikao havitaanza mpaka afike. Sharti ni moja: vazi halitiwi mkasi, halitiwi sindano.

Kapelo ikatulia sandukuni. Mwajabu hakutulia.

Mwajabu ni binti wa mzee, yule aliyeacha ndoa yake Korogwe akarudi kumlea baba. Miaka kumi na sita! Na shukrani yake ni kwamba wanawake kisimani hawakumwita kwa jina. Walisema, "Yule aliyerudi kwao." Ana watu wangapi duniani wa kumwita vingine? Mmoja, na huyo amezikwa. Akiwa Mwalimu, nani atathubutu tena?

Lakini Mwajabu ana kichwa kidogo. Kidogo hasa, kama cha njiwa. Kila asubuhi katika zile siku arobaini alifungua sanduku, akaivaa kapelo, ikamteremka mpaka puani. Akaivua. Akafagia ua uliokwisha fagiwa. Akarudi, akaivaa tena. Puani.

Kapelo ikatulia sandukuni. Mwajabu hakutulia.

Siku ya thelathini na tisa akakumbuka sweta. Zamani alilifua sweta la baba, la sufu, kwa maji yanayochemka, akalitoa limekuwa la mtoto mchanga. Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu," alisema, "sufu haipikwi!"

Mwajabu akasimama katikati ya chumba, mkono mdomoni.

Asubuhi ya arobaini jiko la uani lilijaa sufuria: pilau, nyama, na mbili za chai ya rangi. Nyuma ya hizo za chai Mwajabu akainjika ya tatu, akaifunika, akaweka na jiwe juu. Kuni zilikuwa mbichi. Hitima ikasomwa, ikaisha, maji ndiyo kwanza yanaanza kuunguruma.

"Mwajabu!" aliita Shangazi Kibua, dada wa marehemu, mwanamke wa sauti ya kufukuzia nyani. "Njoo ukae. Wanaoitaka kapelo waseme, kisha iletwe."

Mwajabu akaja, akakaa kwenye ukingo wa mkeka, kisigino kimoja kimeinuka.

Akaanza kaka yake, Kilua. "Mwaka wa mafuriko, upepo uliichukua kapelo kichwani mwa baba ukaitupa mtoni. Watu mia walisimama ukingoni. Nani aliruka? Mimi. Nilitoka nayo mkononi, na mguu huu mnaoniona nauburuta ulivunjikia kwenye yale mawe. Nimeilipia kwa mfupa. Na kichwa changu ni cha baba mtupu. Kapelo ni yangu."

"Mguu tunauona," alisema Shangazi. "Unausimulia kila Idi. Mwingine."

Akainuka Fundi Mhina, mshonaji wa kijiji, rafiki wa mzee. "Kilua aliitoa mtoni, kweli. Aliitoa haina herufi. Maji yalikwenda nayo. Mwalimu alikuja kwangu ameishika kama kuku aliyekufa. Nikatafuta kitambaa chekundu cha sufu, kizito, hakuna. Nikaingia ndani, nikachukua tarabushi ya marehemu babangu, urithi pekee alioniachia, nikaitia mkasi. Herufi mliyoiona mbele kwa miaka kumi na minane ni baba yangu yule. Urithi wangu umeshonwa kwenye urithi wenu. Nami mzee aliniambia, 'Mhina, wewe sasa ni ndugu.' Na vichwa vyetu ni kipimo kimoja, kofia tulikuwa tukiazimana. Kapelo ni yangu."

Watu wakaguna. Hilo hawakulijua.

"Haya, Mwajabu."

Mwajabu akasimama. Akatazama jikoni. "Kilua aliruka mara moja. Fundi alikata mara moja. Mimi kila siku nimepiga brashi, kila mwezi nimebadilisha karafuu sandukuni nondo wasiingie. Mikono ya baba ilipoanza kutetemeka, nani alimvisha? Nimemvisha ile kapelo asubuhi zaidi ya elfu mbili. Nilimvisha na siku ya mwisho. Ni yangu. Basi. Naangalia wali."

"Wali una wapishi watano," alisema Kilua. "Kaa. Una nini leo, siafu wamekuingia?"

"Mwache," alisema Shangazi. "Kwanza imkae. Mwenyewe unajua, mwanangu, kichwa hicho..." Akaonyesha kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika ndimu. Watu wakacheka. Mwajabu hakucheka. Alishakwenda.

Wakati anachutama mbele ya moto, akaitwa kushika mlango wa ghala. Dakika mbili tu. Na katika dakika mbili hizo Bi Tausi mwenye kugawa chai, aliyekwisha maliza sufuria ya kwanza na ya pili, akaiona ya tatu inatoa mvuke. Akaondoa jiwe, akachota kwa kata, akajaza birika bila kutazama ndani, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa kwenye habari za jirani. Kikombe cha kwanza akampa Fundi Mhina.

Fundi akapiga funda. Akaingiza vidole kinywani, akatoa unywele wa bluu.

"Shangazi," akasema taratibu, "chai hii inanuka kondoo."

Shangazi Kibua akakitazama kikombe. Akamtazama Bi Tausi. Akaliendea sanduku chumbani, akalifungua mwenyewe. Karafuu tupu.

Watu wote wakainuka, na Kilua na mguu wake akiwa wa mbele. Wakamkuta Mwajabu kwenye moshi, mwiko mkononi, na juu ya mwiko kapelo inachuruzika, ukingo wake wa mbele umejikunja kama jani lililopita motoni.

"Mwajabu! Umefanya nini?"

"Mkasi sikutia," alisema Mwajabu. "Sindano sikutia. Nimefua."

"Umempika baba!" alilia Kilua.

"Wangu pia," alisema Fundi.

Shangazi akaikamata kapelo, moto na maji yake. Akambandika Kilua: ikasimama utosini kama kikombe juu ya boga. Akambandika Fundi: vilevile, ikaanguka. Kisha, kwa hasira, akamkandamizia Mwajabu.

Ikamkaa.

Ikakaa juu kidogo ya masikio, imeinamia kushoto, kama ilivyokuwa ikikaa kwa mwenyewe. Maji ya bluu yakamshuka mashavuni. Huku nyuma, mzee mmoja aliyechelewa, asiyejua lolote, akachungulia juu ya ua, akaona kapelo, akapaza sauti: "Shikamoo Mwalimu!"

Mwiko bado u mkononi mwa Mwajabu, na watu wote macho yako kwake.

Basi nyie mlioniapia, semeni sasa: jina lile lilikuwa la nani? La aliyeivunjikia mguu, la aliyeitia mkasi tarabushi ya baba yake, au la aliyeilinda kwa miaka kumi na sita kisha akaipika asubuhi moja?