Uduvi na Madonge Yaliyozama

Masikio yapo?
Yapo, yametegwa.
Niyape?
Yape.

Basi palikuwa na Uduvi, mdogo kama punje ya mpunga, mdadisi ajabu. Alikaa mtoni, karibu na pale mto unapoingia baharini. Siku moja kiwanda cha rangi kikamwaga vumbi la madini mtoni, vumbi laini kuliko unga, halionekani kwa macho. Likawaingia samaki mashavuni, wakahema: he, he, he. Wawili wakafa. Mishi, dada yake Uduvi, naye akaanza kulegea.

Uduvi akashuka mpaka maji ya chumvi. Huku vumbi lilionekana. Punje ilishika punje, zikawa donge. Donge likazama, tii, mpaka matopeni. Maji ya katikati yakabaki safi.

"Mbona kwetu halizami?" akajiuliza. Akapanda mtoni, akatazama. Akashuka tena, akatazama. Kumbe chumvi ndiyo inayolikusanya.

Lakini maji yale yalikuwa na mwenyewe: Chewa, samaki mnene, mdomo kama mlango.

"Shikamoo, Mjomba Chewa. Dada yangu anakufa. Tuhamie kwako?"

"Marahaba. Hamieni. Mtaingilia mdomoni mwangu."

Uduvi akarudi nyuma kidogo. Donge likapita, tii.

"Mjomba, hili ni la nani?"

"Langu." Akalimeza, kubwi.

"Na lile?"

"Langu." Kubwi.

"Na lile lililotua matopeni?"

"Kila kilichomo humu ni changu. Usiniulize tena."

"Sawa, Mjomba. Na lile pale nyuma yako?"

Kubwi.

Akauliza siku ya kwanza, akauliza ya pili. Siku ya tatu tumbo la Chewa likavimba, akashindwa hata kumfukuza dagaa.

"Uduvi, nimekula nini mimi?"

"Mali yako, Mjomba."

Chewa akajikokota kwenda bahari kuu, na hakurudi. Uduvi akapanda mbio mtoni, akamleta Mishi na wenzake wote waliobaki.

"Kaeni katikati," akawaambia. "Chini msiguse kitu."

Mishi akavuta pumzi, ya kwanza nzima tangu siku ile. "Ulijuaje?"

"Sikujua. Nilikuwa natazama tu."

Ngano yangu imekwisha. Aliyesinzia amwulize aliyekuwa macho.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: msiwe watu wa kuulizauliza. Tabia mbaya sana. Tazameni yaliyompata Uduvi: mpaka leo yu hai, na bado anauliza.