Mama Nguchiro na Vikapu Tisa vya Watupaji

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba, wanaoana na kugombana na wakwe zao, walikuwa na mchezo wao ukiitwa kirungu.

Mnataka kujua kirungu ni nini? Tulieni basi, msinipandie magotini. Mtupaji anasimama huku na mpira wa nyuzi za mgomba, umekazwa mpaka umekuwa mgumu. Mpigaji anasimama kule na rungu. Akiupiga mpira, akakimbia mpaka kwenye kichuguu na kurudi kabla mpira haujarudishwa, amepata pointi. Akikosa mara tatu, ametoka. Wakitoka watatu wa kila upande, duru imekwisha. Zikiisha duru tisa, mchezo umekwisha. Basi! Anayewaambia ni mchezo mgumu anataka mumlipe awafundishe.

Kila kiangazi, mji wa Bondeni ulicheza na mji wa Mlimani. Walioshinda walikunywa kwanza kwenye chemchemi mpaka mvua zirudi. Walioshindwa walikunywa kilichobaki. Na kinabaki nini, wajukuu zangu, Kifaru na Nyati wakishaoga? Tope.

Mkuu wa Bondeni alikuwa Mzee Tembo. Kila kaya ilimletea karanga, zikajazwa vikapu tisa, hiyo ikawa mishahara ya watupaji. Kisha Tembo alitoa kamba yenye mafundo, akapima mikono yao. Mkono mrefu, vikapu vingi. Mkono mfupi, ukalale na njaa. Tena walilipwa kabla hawajatupa hata mpira mmoja! Kwa nini Tembo hakutupa mwenyewe na mkonga ule? Msiniulize mimi. Alikuwa mwenyekiti.

Mkono mrefu kuliko yote ulikuwa wa Nyani. Mwaka uliotangulia kisa hiki alipewa vikapu vinane, akavila. Siku ya mchezo akatupa vizuri duru nne, ya tano mkono ukalegea kama mlenda. Watupaji wengine waliotupiwa kile kikapu kimoja wagawane walikuwa hawajafanya hata mazoezi. Wafanye ya nini? Bondeni wakapigwa mpaka aibu ikawaona wao.

Kiangazi kile mtoto wa mwisho wa Mama Nguchiro alikunywa tope, akaharisha, akabaki ngozi na mifupa. Alipona, lakini mama yake hakusahau.

Basi siku ya kupima mikono ikafika tena. Tembo akakohoa, "Mhh! Mhh!" Akaunyoosha mkono wa Nyani, akavuta kamba.

"Moja... mbili... tano... nane! Mafundo manane! Nyani, vikapu vinane!"

Vigelegele vikapaa. Nyani akapiga kifua, du! du! du!

"Anayefuata!"

Akasogea Mama Nguchiro, kamnyama kenyewe ukikaona ungedhani ni panya aliyevaa vizuri. Tembo akainama, akapima. Mkono haukufika hata fundo la kwanza.

"Huu si mkono," Tembo akasema. "Huu ni kidole."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, kwa! kwa! kwa!

"Shikamoo, Mzee Tembo," Mama Nguchiro akasema.

"Marahaba. Nenda zako ukapike."

"Nitakwenda nikimaliza kusema. Mwaka jana nilisimama hapahapa nikakwambia, zigawe karanga kwa watupaji watano. Kila mmoja atupe kidogo, aondoke bado ana nguvu. Wapigaji wakiona mkono mmoja kutwa nzima, wanauzoea. Mkacheka hivihivi. Tukanywa tope."

"Kirungu ni kazi ya mikono mikubwa, mama. Kaa chini."

"Sikai."

"Nimesema kaa!"

"Na mimi nimesema sikai! Aliyekonda kwa lile tope ni mwanangu, si wako."

Lo! Hakuna aliyewahi kumjibu Tembo hivyo. Mama Nguchiro mwenyewe aliogopa, nakwambieni ukweli, lakini alikuwa na hasira kuliko woga. Akatazama huku na huku, akamwona Nyani amevikumbatia vikapu vyake vinane kama mtoto anayenyang'anywa chakula. Wazo likamjia. Akabadili sauti, ikawa tamu.

"Ila kaka Nyani, na wewe nakuonea huruma. Mbona umekubali kuibiwa?"

"Kuibiwa? Mimi? Na nani?"

"Mchezo una duru ngapi?"

"Tisa."

"Nani atazitupa?"

"Mimi! Zote! Kuna mwingine hapa?"

"Hakuna. Na umepewa vikapu vingapi?"

Nyani akahesabu kwa vidole vya mikono, kisha vya miguu, kuhakikisha. "Vinane."

"Duru tisa, vikapu vinane. Hiyo moja unawatupia bure, kaka?"

"Ala!" Macho yakamtoka Nyani. "Mzee Tembo! Hiyo moja vipi?"

Tembo akababaika. "Kimoja ni cha wenzako. Huenda..."

"Huenda nini? Huenda nikachoka? Mimi nachoka?"

"Nani kasema unachoka?" Mama Nguchiro akadakia upesi. "Mtu kama huyu, Mzee, asipimwe kwa kamba. Vikapu vyote tisa vipangwe mstari uwanjani. Duru ikiisha, aliyeitupa anakwenda kuchukua kimoja, watu wanamshangilia. Duru nyingine, kikapu kingine, vigelegele vingine. Mara tisa! Nani mwenzake atakayepata heshima kama hiyo? Sisi wenye vidole tusipewe kitu."

Nyani akajiona anavyotembea uwanjani mara tisa huku akina mama wanapiga vigelegele. Kichwa kikavimba.

"Nataka hivyo!" akasema. "La sivyo natupa mpira chini, mtafute mwingine!"

Tembo akaogopa kumpoteza nyota wake. Wakubwa ndivyo walivyo, mdogo akilia hawasikii, nyota akinuna wanatapatapa. "Sawa, sawa, Nyani, usikasirike. Aliyetupa duru ndiye mwenye kikapu." Akakanyaga ardhi mara tatu, pu! pu! pu! Na kule Bondeni, neno la mkuu likishakanyagiwa mara tatu halirudi nyuma.

Nyumbani, mume wa Mama Nguchiro alikuwa ameshika kichwa. "Mke wangu! Hata kile kimoja cha kugawana umempa!"

"Nimempa duru tisa azitupe. Akiziweza, azile karanga zake, nitampongeza. Wewe niitie wifi, niitie na binamu yako. Na mama yako aje."

"Mama? Mama ni mzee!"

"Ndiyo maana namtaka."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Nguchiro akipata yai, halipasui kwa meno. Analigeuzia jiwe mgongo, anashika yai kwa mikono, anainama na kulirusha kwa nyuma, katikati ya miguu, likapasuke kwenye jiwe. Pa! Ndivyo wanavyopika kwao kila siku. Mikono mifupi, ndiyo, lakini inarusha tangu asubuhi mpaka jioni na hailengi hewani. Tembo hakuwahi kuingia jikoni kwao, angejulia wapi?

Siku tatu familia ile ilirusha mipira kwenye jiwe. Wifi alirusha chini kwa chini. Mume alirusha kwa kasi. Binamu mpira wake ulipinda kabla ya kufika. Na mama mkwe, eeh, mama mkwe alirusha polepole mpaka ungeweza kwenda haja na kurudi ukaukuta bado unakuja.

Siku ya mchezo ikafika, miji yote miwili ikajaa. Vikapu tisa mstari mmoja. Nyani akaingia anatembea kwa maringo.

Duru ya kwanza, vuuu! vuuu! vuuu! Watu wa Mlimani hata hawakuuona mpira. Nyani akachukua kikapu, vigelegele! Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu pia. Na Bondeni nao walipopiga, Swala akakimbia akawapatia pointi nne. Nne kwa sifuri. Kila Nyani alipochukua kikapu, aliyepiga vigelegele kuliko wote alikuwa Mama Nguchiro.

"Kwa nguvu zaidi, kaka!" alipaza sauti. "Waonyeshe!"

Naye akawaonyesha. Duru ya nne jasho likawa linamchuruzika. Nyati akapiga, pwaa! Pointi. Kifaru akapiga, pwaa! Pointi. Nyati akarudi tena, pwaa! Nne kwa tatu. Duru ikaisha kwa bahati tu, na kile kikapu cha nne Nyani akakiburuta kwa mkono wa kushoto.

Duru ya tano, akainua mkono. Ukagoma.

"Tupa!" Tembo akanguruma.

"Natupa..." Mkono ukaishia begani. Watu wa Mlimani wakaanza kucheka na kuulizana nani ataoga kwanza.

Hapo Mama Nguchiro akaingia uwanjani na ukoo wake nyuma yake, mstari mmoja, kama wanaokwenda harusini.

"Mzee Tembo, sisi tunatupa."

"Nyinyi?"

"Unaye mwingine?"

Tembo hakuwa na mwingine. Wifi akachukua mpira, akawapa wapigaji mgongo, akainama. Mlimani wakapiga kelele, "Huyo anafanya nini? Anatuonyesha nini huyo?" Mpira ukatoka katikati ya miguu, fyuu! Rungu likapita juu. Watatu wakatoka. Wifi akachukua kikapu akaenda kukaa.

Duru ya sita, mume. Wapigaji wakasubiri mpira wa chini, ukaja wa kasi. Wakatoka. Ya saba, mama mkwe. Kifaru alikuwa amejiandaa kwa kasi. Akapiga rungu kwa nguvu zote, mpira haujafika nusu ya njia. Akazunguka, akapiga tena. Bado unakuja! Akaanguka chali, buu! Mpira ukapita ukamgusa tumbo.

"Pole, mwanangu," mama mkwe akamwambia.

Ya nane, binamu. Wakatoka pia, wanalaumiana wenyewe kwa wenyewe. Ikabaki duru moja, nne kwa tatu.

Mama Nguchiro akauokota mpira. Wawili wa kwanza aliwatoa hata sijamaliza kupumua. Akabaki Nyati, yule aliyekimbia mara mbili. Mama Nguchiro akamtupia mmoja, Nyati akakosa. Hapo Tembo akaingia uwanjani, pu pu pu, pamoja na Nyani aliyekuwa anajikanda bega.

"Toka sasa, mama. Umesaidia, asante. Mpira wa mwisho autupe mwenye jina."

"Sitoki."

"Nyati huyu! Atakupiga mpaka mlimani! Tutakunywa tope kwa ajili yako!"

"Mwaka jana tulikunywa kwa ajili ya nani?"

"Mimi ndiye mkuu hapa!"

"Ukuu ni wako. Duru hii ni yangu, umeikanyagia mwenyewe mara tatu." Akaukalia mpira. "Ukitaka kunitoa, nikanyage na mimi. Kanyaga basi, wote wanatazama."

Tembo akauinua mguu. Mama Nguchiro hakufumba hata macho. Tembo akatazama watu, akatazama kile kinyama chini ya unyayo wake, akaushusha mguu taratibu pembeni, akaondoka. Nyani akamfuata.

"Haya, mama kidole!" Nyati akaita. "Njoo!"

Mama Nguchiro akampa mgongo. Akainama, akatikisa mkia kidogo.

"Unanipa makalio, mimi?" Nyati akawaka. "Mimi Nyati?"

"Nakupa unachostahili, baba."

Akatupa wa chini kwa chini. Nyati akapiga vumbi. Mara mbili! Akawa anakoroma, puani anatoa moshi. Akausubiri wa chini. Mama Nguchiro akavuta pumzi, akautoa ule wa mama mkwe, polepole, taratibu, huku anaimba. Nyati akapiga mara moja, hewa! Mpira ukampita puani, ukatua nyuma yake, tii.

Ametoka! Weee! Bondeni wakaruka, wakakumbatiana, wakalia. Mama Nguchiro akaenda kwenye mstari, akabeba kikapu cha tisa kichwani.

Hapo ndipo Nyani alipozinduka. Akahesabu vidole vyake. "Mimi ninavyo vinne! Wao wana vitano! Mzee Tembo, huyu alijua! Alinisifia makusudi!"

Tembo akageuka. "Mama Nguchiro. Ulitudanganya?"

Angeweza kukana. Wengine mngekana, nawajua. Yeye akashusha kikapu, akawatazama wote wawili usoni.

"Ndiyo, nimewadanganya. Nilipowaambia ukweli mlicheka."

Nyuma ya Tembo watu walikuwa wameshaanza kwenda kwenye chemchemi na vibuyu vyao. Mama Nguchiro akamshika mwanawe mkono, wakaenda, na maji yalikuwa meupe, baridi, hayajaingiwa na mguu wa mtu. Mtoto akainama akanywa mpaka akapaliwa.

Hadithi imenitoka, nanyi mbebe hili moja: timu inayolipa urefu wa mkono badala ya kazi ya mkono haina wa kumlaumu ikinywa tope.