Mawe Matatu Kizingitini

Hii nimetumiwa na mtu aliyetumiwa na mwingine, na aliyeianza simjui. Kama una ndugu ambaye mnapishana naye njiani kama wageni, isome mpaka mwisho kabla hujampelekea mwenzako.

Huko milima ya Upare palikuwa na ndugu wawili, Kajiru na mdogo wake Mbonea. Walikuwa hawasemezani, mwaka wa kumi na mbili sasa. Enzi za ujana wao walichunga mbuzi wa baba yao huko juu msituni, wakilala kwenye vibanda vya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji. Siku moja zizi likaachwa wazi, chui akaingia, mbuzi tisa wakaisha. Kajiru akasema mwenye kosa ni Mbonea. Mbonea akasema ni Kajiru. Tangu hapo kila mmoja akawa na haki yake, akaikumbatia.

Aliyeumia ni dada yao, Nakijwa. Kwa desturi ya ukoo wao, bibi harusi havuki kizingiti cha mama yake mpaka ashikwe mikono na kaka zake wote wawili, mmoja kulia, mwingine kushoto. Mara mbili wakwe walikuja, na mara mbili walirudi mikono mitupu, kwa kuwa kaka mmoja akisikia mwenzake anakwenda, yeye haendi. Safari ya tatu wakwe walituma neno: jua likifika utosini bila kaka wawili kuonekana, hawatarudi tena.

"Kaka, nimepiga magoti," Nakijwa alimwambia Mbonea kwenye simu. "Usije kwa ajili ya Kajiru. Njoo kwa ajili yangu."

Mbonea alikuwa akiishi upande wa pili wa mlima, na mvua ilikuwa imekata barabara. Akaamua kupita msituni, njia ya vibanda vya zamani. Mkewe alipomtaka atafute mtu wa kumwongoza, alicheka.

"Nimechunga huko miaka sita. Nitapoteaje?"

Mtu akisema hivyo, ukungu humsikia. Alipofika kwenye kibanda cha kwanza, haoni hata hatua kumi mbele. Paa lilikuwa limeanguka zamani, lakini kuta zilisimama imara na mlango wake mfupi. Akaweka alama kizingitini kama baba yao alivyowafundisha: mawe matatu, kubwa chini, dogo juu, na jani bichi katikati. Kisha akaendelea.

Baada ya saa nzima akakuta kibanda. Ukuta uleule, mlango uleule mfupi, na kizingitini mawe matatu yenye jani bichi.

"Nimezunguka!" akasema kwa sauti.

Mlima mzima, hakuna aliyeweka alama ya namna ile ila watu wa nyumba yao, na baba yao alikuwa amekwisha kufa. Basi ni yake, ya nani tena? Akaiacha njia iliyokuwa mbele yake, akashika ya kushoto. Akatembea weee, akakuta kibanda na mawe matatu. Akashika ya kulia. Kibanda, mawe matatu, jani bichi.

Hapo alichanganyikiwa kabisa. Mbele hakukujua, nyuma hakukujua, akaanza kuhesabu vidole vyake aone kama akili bado ipo. Akamwona Nakijwa moyoni, amekaa na mavazi yake ya harusi, akichungulia mlangoni.

Ndipo kwenye ukungu akatokea mama mmoja mwenye mundu, amekuja kukata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hee! Wewe tena?"

"Mimi tena?"

"Si umepita hapa asubuhi, ukanisaidia kujitwisha mzigo wa kwanza? Naona na shati umebadilisha."

Mbonea alihisi kizunguzungu. Kumbe anazunguka mpaka watu wanamwona, na mwenyewe hana habari!

"Mama, mimi sijamtwisha mtu mzigo leo."

"Makubwa! Sura si hiyohiyo?" Yule mama akamtazama miguuni. "Ila mguu nao umepona upesi. Asubuhi ulikuwa unachechemea."

Mbonea akakumbuka kitu. Kajiru alichechemea tangu siku ile alipoteleza mwambani akimfukuza chui.

"Alielekea wapi, mama?"

"Huko juu, ulikokupa mgongo."

Basi akaelewa. Njia ya kutoka kijijini kwa Kajiru ilikutana na hii kwa juu, ukishapita kibanda cha kwanza. Vibanda alivyokuwa akivikuta vilikuwa viwili. Cha chini kilikuwa na alama yake, cha juu kilikuwa na alama ya Kajiru, na yeye Mbonea asubuhi nzima alikuwa akipanda na kushuka kati ya hivyo viwili.

Akapanda mbio. Kila kibanda alichokikuta huko juu kilikuwa na mawe matatu, na safari hii aliyafuata. Ukungu uliachia pale msitu unapoishia, kwenye kibanda cha mwisho. Kizingitini alikuwa amekaa Kajiru, mguu mbaya ameunyoosha. Chini yao mabati ya nyumba ya mama yao yalimetameta, na jua lilikuwa limekaribia utosini.

"Umechelewa," Kajiru akasema. Ni neno lake la kwanza kwa miaka kumi na miwili.

"Alama zako zimenipoteza. Nilidhani ni zangu."

"Nakijwa alisema unakuja, na barabara imekatika, basi nilijua utapita huku na utapotea. Hata udogoni ukitumwa maji ulikuwa unapotea."

Mbonea alitaka kukasirika, akashindwa. "Mbona hukushuka?"

"Nishuke peke yangu nikafanye nini? Mkono wa pili nautoa wapi?"

"Na hizi alama? Si hatusemezani?"

"Baba alisema alama ni ya anayekuja nyuma. Hakusema mpaka muwe mnasemezana."

Mbonea alilia pale pale, mtu mzima na ndevu zake. Kisha akainama, akampa yule mwenye mguu mbaya bega.

"Twende, kaka. Wakwe wasije wakaondoka."

Wakwe walikuwa tayari wamesimama waliposikia vigelegele. Nakijwa alivuka kizingiti akiwa ameshikwa kulia na kushoto. Nani aliliacha zizi wazi, mpaka leo hawajakubaliana.

Funzo: Si kila alama unayoikuta njiani ni ya mguu wako, nyingine imewekwa na ndugu uliyemnunia, aliyetangulia ili wewe usipotee.