Wimbo wa Oria

"Ulimi wa mama ndio hufunga wimbo." Mmenisikia nikimwambia hivyo jirani, nanyi mmeniuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni basi. Chanzo chake ni hiki.

Zamani sana, Waarabu walipokuwa wakitawala kusini mwa Uhispania, palikuwa na mji mweupe uliozungukwa na michungwa. Ikulu na vitabuni lugha ilikuwa Kiarabu. Jikoni na visimani watu walisema lugha nyingine, Kihispania kikiwa bado kichanga, hakina jina wala herufi zake. Wenye elimu waliidharau.

Katika mji huo aliishi mshairi kijana, Ghalib bin Lubb, pamoja na mama yake mjane, Oria, mfuma sufu. Oria alikielewa Kiarabu vizuri, ila alipoimba aliimba kwa lugha yake. Alasiri, maua ya michungwa yakidondoka kisimani, sauti yake ilielea uani kama moshi wa udi, hata njiwa wakanyamaza.

Siku moja walikuja wageni kutoka kwa liwali. Mmoja akauliza, "Ni nani huyo anayeimba?"

Ghalib akaona haya. "Mtumishi tu," akajibu.

Oria alisikia. Tangu siku ile hakuimba tena.

Baada ya wiki mbili liwali alitangaza baraza la washairi. Atakayeshinda angekuwa mshairi wa ikulu. Ghalib akatunga beti tano za Kiarabu juu ya mtu aliyeachwa na ampendaye. Zilikuwa nzuri mno. Lakini wimbo wa namna ile ulihitaji kituo, maneno ya mwisho yenye kuchoma moyo, nayo hayakuja. Alikaa dirishani siku nne akitazama maua yakianguka, mpaka akawa kama anaishi ndani ya usingizi. Humo ndimo alimousikia wimbo wa mama yake. Lahani aliikumbuka yote. Maneno hakukumbuka hata moja. Kwa miaka mingi alikuwa amejizoeza kutoyasikia.

Akamwendea mama yake alipokuwa akifuma.

"Mama, ule wimbo wako unasemaje?"

Oria hakuinua macho. "Mtumishi atajuaje mashairi, bwana?"

Ghalib akapiga magoti, akamshika miguu. "Nilikukana, mama. Nisamehe."

Uzi ukapita mara kadhaa mkononi mwa Oria kabla hajasema, "Unasema hivi: Mlango sijaufunga, habibi, anayeingia ni upepo tu."

"Ulikuwa ukimwimbia baba?"

"Baba yako alikufa nimemshika mkono, mwanangu. Yeye hakuniacha. Nilikuwa nakuimbia wewe."

Ghalib akalia, kichwa chake kikiwa juu ya sufu.

Siku ya baraza alisoma beti zake tano, watu wakatikisa vichwa kwa raha. Kisha akaimba kituo kwa lugha ya mama yake. Alikuwa amekiandika kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili. Baadhi wakacheka.

"Nani kakupa maneno ya jikoni?" akauliza mshairi mmoja mzee.

"Mama yangu mzazi, Oria mfuma sufu. Yule pale mlangoni."

Kicheko kikakatika, kwa kuwa liwali alikuwa amefumba macho, na midomo yake ikiyarudia maneno yale polepole, kwa matamshi ya mtu aliyeyanyonya pamoja na maziwa. Alipofumbua macho alimwita Oria, akampisha kwenye takia lake, akamwomba aimbe tangu mwanzo.

Hata hivyo cheo cha ikulu alipewa mwingine, aliyefunga wimbo wake kwa Kiarabu. Ghalib hakusikitika, alirudi nyumbani akitembea bega kwa bega na mama yake, wakipita katikati ya soko, akizungumza naye kwa sauti, kwa lugha yake. Miaka iliyofuata washairi wa mji ule walionekana visimani, wakiwaomba mama zao maneno. Na kijana yeyote aliyekwama na kalamu yake, mwenye ufasaha wote lakini hana kituo, aliambiwa: rudi nyumbani ukaulize, ulimi wa mama ndio hufunga wimbo.