Nyumba Isiyopitisha Hata Sisimizi

Wapendwa, fungeni vitabu vyenu kidogo, andiko halitakimbia. Nataka niwape habari za bwana mmoja wa huku huku kwetu kwenye baridi, mfanyabiashara wa viazi. Msianze kutazamana. Nimemtunga mwenyewe, na ukiona anafanana na jirani yako, hilo ni lako na jirani yako.

Bwana huyu alikuwa na mama yake mzazi, mjane, aliyemlea kwa jembe la mkono. Mama alikuwa anakaa kwenye nyumba ya tope na nyasi, ukuta una nyufa za kupitisha kidole. Mvua ikinyesha, masufuria yote ndani ya nyumba yanakwenda kukinga maji. Basi viazi vilipomkubali, yule bwana akasema, "Mama yangu hataishia kwenye tope." Je, alikosea? Hakukosea! Ni wangapi hapa wamefanikiwa wakawasahau mama zao? Nyamazeni tu, nawajua.

Akaikarabati ile nyumba. Ndugu zangu, yule bwana alikarabati! Nyasi zikashuka, likapanda bati la rangi ya damu ya mzee. Nyufa zote zikazibwa, kuta zikazungushiwa tofali za kuchoma. Chini marumaru za kuteleza, juu dari ya jipsamu yenye maua. Madirishani akaweka vioo vikubwa vya kutazama nje tu, visivyofunguka, maana aliviona hivyo benki, mjini. Yale matundu ya hewa ambayo mafundi wetu huyaacha juu ya dirisha, akaamuru yazibwe kwa saruji. Aliambiwa baridi hupita humo. Wengine wakamwambia na wachawi hupita humo humo.

Na jiko la nje je, kale kabanda keusi ambako mama alitundika mahindi yake ya mbegu juu ya moshi? Kakabomolewa, kwa sababu kanaharibu sura ya nyumba kwenye picha. Jiko likahamia ndani. Akanunua na jiko la gesi, zuri kweli. Likakaa na nailoni yake ya dukani, juu ya nailoni kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa chombo cha maua. Na mkewe akawa anapikia wapi? Sakafuni, pembeni ya hilo hilo jiko la gesi, kwa mkaa!

Mnacheka. Nikija kwako leo nitalikuta la kwako limevuliwa nailoni?

Wakahamia wote, yeye, mkewe na mama. Jioni baridi ikishuka, jiko la mkaa linabebwa mpaka sebuleni, linawekwa miguuni pa mama apate joto. Mlango unafungwa, mapazia yanashushwa, na blanketi kuukuu linakunjwa kuziba upenyo wa chini ya mlango. Nisikilizeni vizuri hapo: yote hayo yalikuwa upendo. Mwana alimpenda mama yake.

Mahindi hayajakomaa, mama akaanza kukohoa. Akawa anaamka na kizunguzungu, kichwa kinamgonga. Kwenye pembe za chumba chake ukaota ukungu mweusi ukutani, kwa sababu nyumba isiyotoa pumzi hutoka jasho. Mwana akaupaka rangi ya mafuta. Ukarudi. Akaupaka tena. Na yule mama aliyekuwa akipanda mlima na debe la viazi kichwani, sasa hawezi kufika chooni bila kushika ukuta. Ndugu zangu, mama alikuwa anaondoka, na mwana alikuwa anaona kwa macho yake.

Akampeleka hospitali. Daktari akakisikiliza kifua, akaandika dawa, kisha akauliza, "Na hiyo nyumba mnayolala, inapitisha hewa?"

Yule bwana akaweka koti lake sawa. "Nyumba yangu ile, daktari? Haipitishi hata sisimizi!"

Kwa fahari! Ameulizwa habari za ugonjwa, yeye anajibu habari za cheo. Daktari akafungua kinywa amweleze, lakini bwana alishamshika mama mkono, anawahi lori la viazi.

Maneno ya mtaani nayo yakaanza. Wakasema nyumba ile imepigwa kijicho. Basi bwana akamnunia jirani wa kulia, akakata salamu na wa kushoto. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Yeye akakitafuta kwenye nguo za watu.

Siku moja mama akamwita. Sauti yenyewe ilikuwa imebaki kidogo.

"Mwanangu, nirudishe kwenye nyumba yangu ya tope."

"Mama, nyumba yako ya tope si ndiyo hii? Nimeitengeneza."

"Basi nijengee kibanda cha nyasi kule shambani."

"Mama! Watu watasema nini?"

"Watasema mama yake anapumua."

Maneno hayo yangemtosha mtu yeyote mwenye masikio. Yeye hayakumtosha. Aliona mama ameanza kuchanganyikiwa, akaenda kuwaita watu wa maombi.

Wakaja Jumapili, ibada imekwisha, suti zao na vitenge vyao vya kwaya, wakajaa sebule nzima. Katikati jiko la mkaa, birika la chai juu yake. Mlango ukafungwa, mapazia yakashushwa, mzee wa kanisa akaanza: "Bwana, mpe mama huyu pumzi!" Watu wote, "Mpe pumzi, Bwana!" Mzee, "Mpe pumzi!" Watu, "Mpe!" Maombi ya nguvu, jamani, mpaka jipsamu inatetemeka. Na huku mama, kwenye kochi lake, midomo imekuwa rangi ya majivu, kichwa kinaanguka kifuani.

Mzee akafumbua jicho moja, akaona. "Anaguswa! Ongezeni sauti!"

Anaguswa! Mama anazimika, na wao wanamshangilia.

Mke wa yule bwana alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. Naye kichwa kilikuwa kinamgonga, maana ndiye aliyeshinda na ule mkaa kutwa nzima. Akamtazama mama mkwe wake. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Akachukua mchi wa kinu, akapita katikati ya watu waliofumba macho, akafika kwenye kile kioo kikubwa cha benki, akaushusha mchi kwa nguvu zake zote.

Kioo kikamwagika nje. Maombi yakakatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Mwanamke!" mzee akafoka. "Unavunja nyumba, na sisi tuko mbele za Mungu?"

"Kioo changu!" akalia yule bwana.

Yule mke akawajibu huku anamwinua mama mkwe wake: "Mzee wangu, nisamehe. Mnamwomba Mungu ampe mama pumzi. Alishampa! Imejaa mlima mzima huko nje, inagonga hapa dirishani tangu tuhamie. Sisi ndio tumeikataza isiingie. Shika mguu huo, mzee, tumsogeze."

Wakamsogeza mpaka kwenye ule uwazi. Mwingine akalibeba jiko la mkaa, birika na vyote, akalitupa uani. Upepo wa mlimani ukaingia, pazia likapaa, maua ya plastiki yakaanguka. Mama akavuta. Akakohoa kikohozi kirefu cha kutisha. Akavuta tena. Watu wote wamesimama, nao bila kujua wanavuta pamoja naye. Rangi ikaanza kurudi usoni. Akafumbua macho.

"Nani kavunja kioo?"

"Ni mimi, mama," akasema mkwewe.

"Vunja na kile kingine."

Haleluya! Mpigieni mama huyo makofi, msione haya!

Yule bwana alikitazama kioo chake chini, akamtazama mama yake anapumua, akalia mbele za watu. Kisha akavua koti, akaenda stoo, akatoka na nyundo. Akaanza na tundu la juu ya dirisha la chumba cha mama. Saruji ikaanguka, mwanga ukaingia. Mzee wa kanisa akaitupa tai yake begani, akachukua tindo. Kwaya wakapokezana wanaimba, vumbi juu ya suti, vumbi juu ya vitenge, na majirani walionuniwa wakaja na nyundo zao wakidhani kuna harusi. Hayo ndiyo yalikuwa maombi yenyewe, ndugu zangu! Nyumba ikakarabatiwa upya, safari hii kwa ajili ya watu waliomo. Madirisha ya kufunguka, yenye wavu wa mbu. Bomba la moshi likatoboa bati la damu ya mzee. Rangi ya mafuta ikakwanguliwa, ukuta ukapakwa chokaa. Jiko la gesi likavuliwa nailoni, na mama akaonja makande ya kwanza ya gesi, akasema yamepungua chumvi. Mama akisha kulalamikia chumvi, jueni amepona! Wakati wa kuvuna maharage alikuwa mlimani, anawafokea mbuzi wa watu, na sauti inafika mpaka bondeni.

Sasa mnangoja niwaambie kwamba dirisha ni moyo, na moshi ni dhambi. Sitasema. Dirisha ni dirisha! Moshi ni moshi! Tunapenda sana kukimbilia rohoni, kwa sababu huko hakuna kushika nyundo. Sisi hatukukosa imani. Imani tunayo, sauti tunayo, mifungo tunayo. Tunamlilia Mungu atupe alichokwisha kutupa, na mikono yetu wenyewe imeziba tundu kwa saruji, ili wageni waseme tuna nyumba nzuri. Ni mama wa nani anakohoa nyumbani kwako sasa hivi, na wewe umemwandika kwenye orodha ya wagonjwa wa kuombewa?

Nami namwona mama mmoja hapa, mstari wa tatu, anajipepea kwa kitabu cha nyimbo tangu nianze kusema. Ubavuni pake kuna dirisha. Lina pazia jipya tulilochangia wote, na dirisha lenyewe tumelipigilia misumari ili pazia lisishike vumbi. Wazee wa kanisa, msinitazame mimi. Nani ana nyundo? Amina tutasema hewa ikishaingia.