Miezi Minane ya Mzee Msabila

Hapo zamani, na si zamani ile ya fisi na sungura, ni ya juzijuzi tu, pale Tabora palikuwa na Mzee Msabila, dereva wa treni mstaafu. Alikuwa na miaka sabini na sita na mdomo usiolala. Siku moja akaomba kijiko, akakiita breki. Siku ya pili akatoka na kiatu kimoja. Siku ya tatu akaanguka mlangoni.

Akapigwa picha ya kichwa. Daktari akawaita pembeni wanawe wawili, binti yake Nyanzala na mdogo wake Kapaya, maana kwetu mgonjwa ndiye wa mwisho kuujua ugonjwa wake.

"Ni uvimbe wa ubongo, tena mkali," akasema. "Hauponi. Tukiuacha, ana kama miezi mitatu. Tukipasua, kisha tukampa mionzi, huenda akavuka nusu mwaka. Lakini kwa umri wake, huenda pia asiamke. Muulizeni mwenyewe."

Hawakumuuliza. Nyanzala aliingia wodini, akasema, "Baba, ni malaria imekupanda kichwani." Alimpenda baba yake, na woga ulimzidi. Kapaya naye akangoja mzee alale fofofo kwa dawa, akakishika kidole gumba chake, akakichovya wino, akakigandamiza kwenye karatasi ya ridhaa.

Mzee akapasuliwa. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakapungua, lakini akaamka.

Ikafika zamu ya mionzi, akagoma. "Malaria gani ya kupasuliwa kichwa? Nirudisheni kwangu." Wakamrudisha nyumbani. Wiki ya kwanza akagoma. Wiki ya pili akagoma. Wiki ya tatu akagoma, na uvimbe haumngoji mtu. Daktari akaonya kwamba wakichelewa zaidi, mionzi haitasaidia kitu. Nyanzala akakonda kuliko mgonjwa.

Wanawe walikuwa wameufunga mdomo ukoo mzima. Wakamsahau mmoja, Bi Mwamvita, jirani yao Mzaramo. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani hafungwi mdomo wala hakasirikiwi. Akaingia na bakuli la uji, anacheka.

"Wewe Mnyamwezi, umeota jiwe kichwani na linakuua! Nimekuja kuchagua shuka nitakayoondoka nayo siku ya msiba wako. Wanao wanakudanganya. Mficha maradhi, kifo humuumbua!"

Nyanzala alitamani kumziba mdomo kwa kiganja. Mzee akageukia ukutani, akasusa chakula siku mbili, na nyumba nzima ikajua amekwisha. Siku ya tatu akasema, "Nipelekeni."

Daktari akatoa njia mbili: mionzi ya wiki sita, au ya wiki tatu kwa wazee waliochoka. Kapaya akashikilia sita. Nyanzala akakataa katakata, zikawa tatu. Kila asubuhi alimwogesha, akamvika, akamsindikiza. Mzee akitapika, Nyanzala alikinga kwa khanga yake.

Mwezi wa nane tangu aanguke mlangoni, Limi, binti yake Nyanzala, akajifungua mtoto wa kike. Mzee akampakata kitukuu chake kwa mkono ule mzima, akalia kwa furaha. Akayakusanya maneno yake machache: "Aliyenipa... siku hizi... ndiye ampe jina." Hakusema ni nani. Baada ya siku nne akafariki.

Matanga yakaisha, watatu wakasimama mbele ya mtoto.

Kapaya akasema, "Bila mimi, hakuna siku za kugombea. Niliiba kidole cha baba, sikatai. Angeulizwa angekataa, na tungemzika mapema."

Bi Mwamvita akasema, "Bila mimi, angegoma mpaka kaburini. Nyinyi mlimpa dawa. Mimi nilimpa ugonjwa wake, akauamulia mwenyewe. Na zile siku mbili za njaa ni zangu, nazibeba."

Nyanzala akasema, "Bila mimi, wiki sita zingemmaliza. Nilimlisha, nilimfuta..." Alikumbuka kwamba baba yake hakuwahi kumuuliza kwa nini alimdanganya, na yeye hakuwahi kumwomba radhi.

Limi akamnyooshea mtoto. "Mama, wewe ndiye mkubwa wa watoto wa babu. Amua. Ila usijipendelee, wala usijidhulumu."

Nyanzala akampokea, na hadi leo hajatamka uamuzi wake. Kesho mtoto anatimiza siku arobaini, na wote wanamwita "mtoto" tu. Haya, nyinyi mlioketi hapa na midomo yenu mizima, msinitazame mimi. Mmoja aliiba ridhaa, mmoja aliitoa siri kwa kicheko, mmoja alidanganya kisha akauguza. Je, ni nani aliyempa mzee siku zake, na jina litoke kinywani mwa nani?