Hoja ya Baba Mkubwa

Katika ghorofa ya kumi na mbili, mtaa wa Thorncliffe Park huko ughaibuni, Nyaboke aligeuza meza ya chakula kuwa darasa. Alikuwa muuguzi wa zamu ya jioni, na asubuhi zake zote zilikuwa za bintiye Kerubo, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja. Alimsomesha nyumbani kwa mtindo wa kale: kukariri kwanza, kisha mantiki, kisha ufasaha wa kusema, na Kilatini juu yake. Watu walimcheka, tena si kidogo! Shemeji yake Cliff, kaka mkubwa wa mumewe, ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Kilatini?" alimdhihaki. "Atazungumza na nani, makaburi?"

Maneno hayo yalianza kumla Elkana, mume wa Nyaboke. Akatoa mwaka mmoja: asipoona matunda, Septemba mtoto aende shule kama wenzake. Nyaboke aliumia, lakini hakutetereka. Kila asubuhi alishikilia kanuni moja: usimjibu mtu mpaka uirudie hoja yake vizuri, hadi mwenyewe akiri ndivyo alivyosema. Kerubo alilia, akarudia, akanuna, akarudia.

Mwaka ukatimia. Jumamosi moja ya Agosti, baada ya ibada ya Sabato, Cliff alikuja kula ugali na kuimaliza kesi. Alizungumza robo saa nzima. Alipotua, Kerubo aliomba ruhusa ya kusema.

"Baba mkubwa, naomba nirudie uliyosema. Unisahihishe nikikosea."

"Haya, wakili, tuambie!" Cliff akacheka.

"Unasema mtoto asiyechangamana na wenzake hukua mpweke. Unasema mama amechoka, na mwalimu aliyechoka hukosea. Tena iko siku nitaomba kazi kwa watu wasiojali Kilatini. Unayasema haya kwa kuwa unanipenda. Ndivyo?"

Kicheko kilimkauka Cliff. "Ndivyo. Hata mimi sikuyapanga hivyo."

"Basi la kwanza ni kweli. Sina marafiki wa kutosha, na naomba niingie timu ya mpira." Nyaboke alishtuka, maana hakuwahi kuambiwa hilo. "La pili, mama akikosea mimi humsahihisha, naye hunishukuru. La tatu, waajiri hawataniuliza Kilatini. Watataka kujua kama naweza kumsikiliza mtu nisiyekubaliana naye. Nawe umeniona nikikusikiliza."

"Lo!" Cliff alimgeukia nduguye. "Elkana, mtoto huyu amezaliwa na kipaji!"

"Kipaji?" Elkana alisimama. "Kaka, usimdhulumu mke wangu. Kila asubuhi nikivaa viatu vya kazi nilimsikia mtoto huyu akilia, na mama yake akimwambia, 'Rudia.' Kerubo haendi popote. Atasoma hapa hapa, na mpira atacheza Jumapili."

Machozi yalimtoka Nyaboke, wala hakuyaficha. Cliff alinawa mikono, akamwomba shemeji yake radhi mbele ya wote, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama mezani pangepatikana nafasi ya wanawe wawili. Kweli, ukiona vyaelea, vimeundwa.